Boti Inakuja, Imesema Simu

Tulimwacha Oliva amesimama katikati ya ofisi yake pale Bukoba, simu mkononi. Leo hatuna muda wa salamu ndefu. Meseji aliyokuwa anaisoma ilitoka kwa shemeji yake Limbu, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, na ilisema hivi:

"Shemeji uchungu wa Jovita umeanza vibaya. Kavimba uso, kichwa kinampasuka, anaona giza. Nesi kabonyeza, simu imesema BOTI INAKUJA. Tupo mwaloni, hapa ufukweni, tunasubiri."

Jovita, mke wa Limbu, ndiye mdogo wake Oliva, kitinda mimba wa mama yao, mtoto ambaye Oliva alimbeba mgongoni kabla yeye mwenyewe hajajua hata kusoma. Na hiyo Boti Njoo, programu ya simu inayoita boti ya wagonjwa kutoka bara, ni kazi ya kampuni ya Oliva mwenyewe. Nesi wa kisiwani anabonyeza, ombi linakaa ndani ya simu likisubiri mtandao, na mtandao ukipita hata kwa kupepesa macho, ombi linakwenda lenyewe mpaka Muleba.

Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini mliona wenyewe juma lililopita. Gamaliel, mhandisi mwandamizi aliyeanza kazi asubuhi ileile, alizima mtandao kwenye simu yake, akabonyeza, na skrini ikawaka kijani: BOTI INAKUJA. Hakuna kilichotoka. Toleo jipya la programu lilikuwa linadanganya watu mchana kweupe.

"Piga Muleba," Gamaliel alisema.

Oliva alipiga. Aliyepokea ni Immakulata, mama anayekaa kwenye meza ya kupokea maombi na kuituma boti.

"Bumbire? Hapana, dada. Tangu jana kumetulia ajabu. Nilikuwa nasema leo Mungu ametuhurumia, watu wa visiwani hawaugui."

"Immakulata, tuma boti. Ni Jovita."

"Jovita wetu?" Kiti kilisikika kikisogea. "Uwii! Dada, boti haipo. Mfanyabiashara wa samaki alipiga simu ya kawaida kutoka Goziba, imekwenda kule. Ile nyingine injini yake imefunguliwa, iko chini. Na nahodha hapatikani mpaka akaribie huku."

Oliva hakumsubiri amalize. Alimwandikia Limbu: "Boti haiji. Simu inadanganya. Mpakie Jovita kwenye boti yako muondoke sasa hivi."

Boti ya Limbu ni ya mbao, ya kubebea samaki, lakini ina injini na inaelea. Mtandao wa Bumbire ulikuwa umepita kidogo, maana jibu lilirudi papo hapo. Afadhali lisingerudi.

"Shemeji nesi kakataa. Anasema ulipokuja kutufundisha ulisema tusiamini maneno ya mtu kwenye simu, tuamini skrini. Skrini bado kijani. Anasema tukipishana na boti njiani Jovita atafia majini."

Oliva alipiga. Namba unayopiga haipatikani. Alipiga tena, haipatikani.

Ni kweli aliyasema. Alisimama mbele ya manesi wa visiwani na kalamu yake ya ubaoni, akayasema kwa ukali. Kabla ya programu, watu wa bara walikuwa na tabia ya kumpigia nesi simu ya kumpoza, "boti iko njiani, jipeni moyo", kumbe hakuna boti. Oliva aliikomesha huruma hiyo. Aminini skrini tu, alisema, na manesi wakaandika. Leo skrini ilikuwa inamshika mdogo wake mwaloni, na neno la Oliva halikuwa na nguvu mbele ya neno la Oliva.

"Skrini ndiyo iseme ukweli," Gamaliel alisema. "Tutoe toleo jingine haraka. Simu zitalichukua mtandao ukipita, kama meseji ilivyopita. Matoleo mnayatolea wapi?"

"Kwenye laptop ya Revo," Oliva alisema. Revo, yaani Revocatus, ndiye fundi wao wa programu.

"Seva?"

"Hatuna seva ya kazi hiyo. Ni laptop ya Revo."

"Ufunguo wa kutia sahihi, ambao bila huo simu zinakataa toleo?"

"Uko kwenye laptop ya Revo."

"Na nywila ya ufunguo?"

"Kichwani kwa Revo."

Gamaliel hakucheka. Ninyi mliomwandikia mhariri kwamba huyu bwana ametumwa kuiua kampuni, mezeni mate kwanza. Siku ya usaili alikuwa ameuliza swali moja tu la maana: Revocatus akiugua malaria, toleo linatokaje? Meza nzima ilicheka. Revo haugui, walimwambia. Na ni kweli hakuugua. Alifiwa na baba yake, akaenda kuzika nyumbani Buganguzi, akazima simu kama mtu yeyote mwenye msiba.

"Twende Buganguzi," Gamaliel alisema, na alikuwa ameshashika funguo za gari.

* * *

Waliipita Kemondo kwa kasi. Oliva alikuwa anapiga simu tatu kwa zamu: ya Limbu, ya Revo, ya nahodha. Mwanamke yuleyule wa kwenye mtambo alimjibu zote kwa upole uleule, mpaka Oliva akatamani kumtukana.

Walipofika Muhutwe, Gamaliel aliuliza bila kumtazama.

"Toleo hili baya lilitoka lini?"

"Jana."

"Jana Jumapili? Revo akiwa msibani?"

"Ndiyo."

"Nani alimwambia atoe toleo akiwa msibani?"

Oliva aligeuza uso, akaangalia migomba ya watu.

"Sijui," alisema.

Alijua. Na mimi najua, na ninyi mtajua kabla hamjageuza ukurasa wa michezo.

* * *

Nyumba ya marehemu iko ndani ya kibanja, migomba na mibuni imeizunguka mpaka huwezi kuiona ukiwa barabarani. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Kwa heshima ya msiba, hakuna aliyegusa jembe kwa jirani wala kwa jirani wa jirani. Oliva alishuka gari kabla halijasimama vizuri, akauendea mlango akikimbia.

Mzee mmoja mfupi, mwenye koti lililomzidi, alisimama mlangoni. Huyo ni Kagaruki, baba mdogo wa Revocatus.

"Mwanangu, umekuja kulia au umekuja kugombana?"

Oliva alisimama. Alipiga goti, kama alivyolelewa, akamwita mzee kwa neno la heshima la Kihaya.

"Nisamehe, waitu. Poleni na msiba. Nina shida na Revo, haiwezi kusubiri."

"Revo yuko kwenye kikao cha ukoo. Leo tunamtaja musika, mrithi wa kaka yangu. Mrithi haitwi nje kikao kikiwa kimeketi, mpaka akalishwe kwenye kiti cha baba yake. Ingia kwa wenzako, ulie, upewe kahawa. Utamwona."

"Waitu, kuna mgonjwa..."

"Na sisi tuna marehemu tuliyemzika juzi," Kagaruki alisema, si kwa hasira. "Ingia, mwanangu."

Akaingia. Angefanyaje? Alikaa kwenye nyasi katikati ya wanawake asiowajua, wakamshika mikono, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu Bukoba yakamtoka yote. Alilia kwa sauti. Alimlilia Jovita, mgongo wake ukikumbuka uzito wa yule mtoto, na wale mama wakadhani anamlilia mzee wao.

"Basi, mama, basi," bibi mmoja alimfuta uso kwa kanga. "Alikuwa ameshakula chumvi nyingi. Jikaze."

Oliva alitaka kupiga kelele kwamba yeye hamjui huyo mzee, hajawahi hata kumwona. Badala yake alipokea punje za kahawa kwenye kiganja na kusema asante. Simu yake ilikuwa mapajani, kimya.

Kupitia dirishani alimwona Gamaliel. Mnajua alichokuwa anafanya? Alikuwa amekaa benchi moja na Kagaruki, miguu ameinyoosha, anatafuna kahawa. Anatafuna taratibu! Akitema ganda, akiuliza kitu kwa Kihaya cha Nshamba alikozaliwa, akiitikia kwa kichwa. Oliva alimchukia kwa moyo wake wote. Huyu ndiye waliyemtafuta kwa miezi, wakamtoa Nairobi, ili aje kutafuna kahawa mdogo wake akifa.

Kisha Kagaruki akanyanyuka. Alikwenda kwenye mlango wa chumba cha kikao, akagonga, akasema maneno mawili. Mlango ulifunguliwa, Revocatus akatoka.

Oliva aliwaruka wale mama akatoka nje.

"Umemwambia nini mzee?" alimnong'oneza Gamaliel.

"Nimemuuliza, marehemu angekuwa hai, mtu akija kumwita mwanawe kwa ajili ya mzazi aliyekwama kisiwani, angemwacha mwanawe aendelee kukaa? Kwanza akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Hilo nalo lilikuwa na hadithi yake."

* * *

Revocatus alisikiliza yote akiwa amesimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na koti la baba yake lilikuwa begani. Gamaliel alipomaliza kueleza, Revo hakumtazama yeye. Alimtazama Oliva.

"Bosi, nilikwambia."

"Revo, lete laptop. Tutaongea baadaye."

"Nilikwambia jana kwenye simu, udongo wa kaburi la baba bado uko viatuni. Nikasema haya marekebisho sijayajaribu, niache mpaka nirudi. Ulinijibu nini?"

Oliva aliviangalia viatu vya Revo. Wanaume wa kwenye mabenchi walikuwa wamegeuka wote.

"Ulisema, Revo, mgeni anaripoti kesho, asikute nyumba chafu. Ukasema toa yote kwa mkupuo, nitakuombea rosari nzima. Nikaingia pale kwenye migomba na laptop magotini, nikatoa."

Basi, mmejua. Msimcheke sana, maana nyumba zetu tunazifahamu. Mgeni akitarajiwa, tunafagia uani, tunatandika nyasi mpya sebuleni, na kama chini ya nyasi kuna vumbi la mwaka mzima, hilo ni siri yetu. Oliva alilelewa hivyo Rubya na mama mwenye nidhamu. Alikuwa ameajiri mtu wa kuja kusafisha, kisha akaona aibu mtu huyo asije akakuta uchafu. Makosa yote ya zamani ambayo Revo alikuwa ameyaweka kiporo, alitaka yamalizwe Jumapili, ili Jumatatu Gamaliel akifungua mfumo aseme, kumbe mmejitahidi. Mtu mbaya asingefanya kosa hilo. Limefanywa na adabu, na Jovita ndiye aliyekuwa analilipa.

Gamaliel aliinamisha kichwa kidogo.

"Mama," alimwambia, na ndiyo mara ya kwanza hakumwita mkurugenzi, "mimi niliitwa kwa ajili ya huo uchafu."

Oliva alitamani ardhi ifunguke. Haikufunguka, na laptop ililetwa.

Walikaa nyuma ya jiko, juu ya magogo, mahali ambapo mtandao ulikuwa unapatikana kwa kubahatisha. Gamaliel aliunganisha laptop na simu yake.

"Turudishe toleo la wiki iliyopita. Lile lilikuwa zima. Liko wapi?"

"Halipo," Revo alisema.

"Halipo vipi?"

"Kila jipya nikilitengeneza, nafuta la zamani. Diski ilikuwa imejaa."

Gamaliel alifumba macho. Alipoyafumbua, hakumlaumu mtu. Alianza kusoma mistari ya programu, kidole kikipanda na kushuka, Revo akimwonyesha hapa nilibadili, hapa sikugusa. Mtandao ukakatika.

"Simu," Gamaliel alisema. "Mtu aishike juu."

Oliva aliichukua, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, karibu na majani ya mgomba. Mtandao ukarudi. Aliposhusha mkono kidogo, ukapotea. Basi akabaki hivyo. Mwanamke aliyeianzisha kampuni, aliyewafundisha manesi wa visiwa vyote, kazi yake sasa ilikuwa kushika simu hewani na kutosema neno. Mkono uliuma, akaushikilia kwa ule mwingine.

"Nimeliona," Gamaliel alisema hatimaye. "Inaandika limetumwa kabla ya kutuma, halafu inaliweka ombi kando. Maombi hayajafutika, yako ndani ya simu zao. Nikiirekebisha hivi, yaliyokwama yatatoka yenyewe. Yote. Unakubali?"

"Yote ya nini? Mimi nataka la Jovita litoke!"

Vidole vya Gamaliel vilisimama.

"Mkurugenzi. Nimeuliza kama unakubali yatoke yote."

"Nimekubali! Nimekubali, Gamaliel, kwa jina la Bikira Maria, tuma!"

Hakutuma. Kwanza aliiweka kwenye simu ya Revo, akazima mtandao wa simu hiyo, akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu: OMBI HALIJAFIKA. Akaurudisha mtandao, ikawa kijani: BOTI INAKUJA. Akarudia tena, wakati Oliva anahesabu pumzi zake na kumlaani kimoyomoyo. Ndipo akamsogezea Revo laptop.

"Tia sahihi."

"Revo!" Kagaruki aliita kutoka mlangoni. "Ukoo unakungoja."

Revocatus aliandika nywila yake. Akakosea, akaandika tena. Ufunguo ukakubali na toleo likaondoka. Alisimama, akalivaa vizuri koti la baba yake, akarudi ndani bila kumtazama bosi wake.

Sasa hapakuwa na la kufanya. Kila simu ya kisiwani ilikuwa inasubiri upepo wa mtandao uipitie, na upepo huo hauamrishwi na mkurugenzi wala mhandisi. Oliva alikaa kwenye gogo. Alijaribu kusali, akasahau maneno katikati ya Salamu Maria.

Simu ikaita. Ilikuwa Immakulata.

"Dada Oliva! Limefika! La Bumbire limeingia, Jovita, uchungu, amevimba, haoni vizuri. Na boti imerudi, ndiyo inafungwa sasa hivi, nahodha yuko hapa, mafuta yapo!"

Oliva aliteleza kutoka kwenye gogo akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. "Asante," alisema. "Asante, asante." Aliinua uso amtafute Gamaliel ili afurahi naye.

Gamaliel hakuwa anafurahi. Alikuwa ameinamisha sikio kuelekea simu. Nyuma ya sauti ya Immakulata kulikuwa na mlio mdogo wa kengele, ule unaolia ombi likiingia. Ulilia, ukanyamaza, ukalia tena.

"Subiri, dada," Immakulata alisema. "Kuna jingine. Ikuza. Mzazi, amejifungua, damu haikati tangu alfajiri. Subiri. Kerebe, mtoto, degedege, la asubuhi hii. Ikuza tena, hili ni la..." Sauti yake ilishuka. "Hili ni la jana, dada. La jana mchana. Kumbe hawakuwa wametulia."

Kengele ililia tena.

"Boti ni moja," Immakulata alisema, na sasa alikuwa analia. "Bumbire iko upande huu, Ikuza upande ule, siwezi kupita kote. Nahodha amewasha injini ananiuliza. Hii ni programu yenu, dada, sema wewe. Nimtume wapi kwanza?"

Ndani ya nyumba watu walipiga makofi. Revocatus alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha baba yake.

"Sema haraka, dada," Immakulata alisema. "Maana mashine yenu imeshawajibu wote. Zahanati zote, kila skrini, imewaambia BOTI INAKUJA."